Mkataba wa vyumba: kukodisha au kupangisha? Na kuchana, kupasua, kurarua niandike lipi?

BintiMajengo
Asalam aleikum ndugu zangu. Mamangu ana nyumba ya Kiswahili hapa Majengo, Mombasa, vyumba 6, vitatu huku vitatu huku na ukumbi katikati, na sasa sisi watoto tushatoka sote anataka vyumba 4 viingie watu. Nikaona nimuandikie mkataba kwa Kiswahili maanake Kizungu hakijui na sitaki atie sahihi kitu asichokielewa. Nikachukua mkataba wa Kizungu nikautia kwa programu ya kutafsiri kwa simu, nikaletewa "mpasuko ulipwe kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi". Nikaduwaa! Baadaye ndio nikaelezwa kuwa lile neno rent la Kizungu ni kodi na pia ni pale nguo ilipochanika, neno moja maana mbili, na programu ikachukua isiyotakikana.

Sasa nimekwama pawili. Kwanza mama aitwe mkodishaji au mpangishaji? Pili kuna kifungu cha uharibifu, vyumba viwili vina neti, mapazia, mkeka na sinki, na mimi nimeandika "mpangaji asiharibu" lakini naona neno pana mno, mtu atasema hii si kuharibu imechanika tu. Nataka maneno yenyewe. Nisaidieni jamani.

Ticha wa Likoni
Waaleikum salam dadangu. Kwa nyumba mimi nasema kupanga na kupangisha. Anayeingia anapanga, huyo ni mpangaji, na mamako anapangisha, ni mpangishaji, ingawa watu wengi watakuelewa upesi ukiandika "mwenye nyumba". Kukodi nakuweka kwa vitu vya muda mfupi, unakodi tuktuk ikupeleke Nyali, unakodi viti na masufuria ya harusi, siku mbili vimerudi. Na kukodi kuna pesa, kama hakuna pesa ni kuazima. Sisemi nyumba haikodishwi, watu wasema na si kosa, ila mtu akisema "nimepanga Tudor" wajua anaishi huko na vyombo vyake.

Kosa lenyewe ni hili hapa na laniuma kila siku: mtu anatafuta chumba anaandika "nataka kukodisha chumba". Huyo kasema anacho chumba na atafuta wa kumpa! Hiyo -sha ya mwisho ndiyo inayobadilisha nani anatoa nani anapokea. Kwenye mkataba ukiipoteza silabi hiyo umewageuza watu wawili.

Na uandike "kodi ya nyumba" kwa ukamilifu, usiache "kodi" peke yake, maana kodi ni ya serikali pia na mtu mjanja atakuja kukuuliza kodi ipi.

Fundi Cherehani
Bibie hapo pa pili niachie mimi, miaka yote hii niko barazani na cherehani nafanya kazi ya leso, haya maneno nayashika kwa mikono. Kitambaa ukitia mkasi kidogo kwenye ukingo halafu ukakivuta kwa mikono miwili kikafuata uzi wake huko ni KUCHANA, na ndio dukani muuzaji akupimia hivyo, wasikia chaaaa mpaka mwisho na pamenyooka. KURARUA ni nguvu bila mpango, kanzu imeshikwa na msumari wa mlango, haifuati uzi, yaacha ndimi ndimi, hiyo hata nikitia kiraka chaonekana. KUPASUKA ni kitu kilichojaa au kilichobana kikashindwa, suruali mtu akiinama. Na KUFUMUKA si kuchanika kabisa, kitambaa ni kizima ila uzi wa mshono umetoka, kama doti ya leso uliyoipinda vibaya, pindo likafumuka.

Kwa nini nakueleza yote haya, kwa sababu ya pesa. Pazia likifumuka mpangaji aniletee napita mshono mmoja tumemaliza. Likiraruka ni pazia jipya. Ukiandika "asiharibu" wote wawili watagombana nje ya mlango wa mamako.

Neti haipasuki, neti yachanika au yatoboka. Ukiwa na paka chumbani pia ongeza KUPAPURA, ile ya kucha, mie nimeona sofa limepapurwa mpaka pamba iko nje.

Mzee Kibokoni
Mwanangu BintiMajengo, hongera kwa kumfikiria mama. Huyu fundi kasema sawa juu ya kuchana. Sisi wa Kimvita wazee wetu walisema kutana nywele, ndio mpaka leo chombo chaitwa kitana, na ndizi wasikia wengine chana wengine tana la ndizi, ni neno moja limevaa nguo mbili. Na wasusi wa mikeka huchana miyaa, yale majani ya kusukia, ipate chane, vile vipande vyembamba, ndio wasuke ukili, ule utepe mrefu, kisha ukili ushonwe uwe mkeka. Kwa hivyo mkeka wako ukiachana pale ulipoungwa andika umefumuka, na chane zikikatika andika umechanika, usiandike umepasuka, mkeka haupasuki.

Jambo jingine ambalo naona hamjaligusa. Ardhi ni ya nani? Majengo nyumba nyingi ni nyumba bila ardhi, nyumba yako kiwanja cha mtu, na mwenye kiwanja hulipwa kodi yake ya ardhi. Kama ndivyo basi andika wazi kuwa kodi ya ardhi ni juu ya mamako na wapangaji walipa kodi ya nyumba tu. Nimeona watu wakivutana kwa hilo.

Saumu_Kisauni
Na kutatua mumelisahau? Bibi yangu nguo ikishika mwiba alisema imetatuka. Shuleni nikafundishwa kutatua ni kumaliza tatizo, nikawa nadhani bibi akosea.

Ticha wa Likoni
Bibi hakukosea hata kidogo Saumu. Kitu kikitata kimeshikana, kutatua ni kukiachanisha, uwe uzi uwe shida. Ona wenzake, fuma na fumua, funga na fungua, hiyo -ua inarudisha nyuma. Lakini kwenye mkataba usilitie, vijana watasoma "mpangaji asitatue pazia" wasielewe.

Ila umenikumbusha jambo kubwa. BintiMajengo angalia -ua na -uka! "Sinki likipasuka" halina mtu, limepasuka lenyewe kwa uzee, ni juu ya mama. "Mpangaji akilipasua sinki" hapo ana mkono wake, alipe yeye. Ukuta ukitia ufa vilevile si wa mpangaji, labda aupige misumari.

BintiMajengo
Shukran sana wallahi, nimekaa na mama jana usiku nikamsomea yote. Ardhi si yetu, mzee umegonga penyewe, nimeongeza. Kifungu sasa ni hivi: "Mpangaji akichana neti, akirarua pazia au akipasua sinki au kioo, atalipa kingine. Mshono ukifumuka atashonesha. Kitu kikichakaa, kikichanika au kikipasuka chenyewe, ukuta ukitia ufa, mpangishaji atatengeneza." Mama kasema hapo kwenye "chenyewe" watu wote watasema kilipasuka chenyewe.

Fundi Cherehani
Mama kasema kweli. Basi siku anapoingia mpangaji mpite chumba kizima pamoja muandike kila kitu kiko vipi, neti nzima, pazia lina kiraka kimoja, sinki halina ufa, kisha watie sahihi wote wawili. Na hayo mapazia niletee kabla hujapangisha niyapitie mishono.

BintiMajengo
Inshallah Jumamosi asubuhi nakuja nayo.