Ushauri: kaunta ya jikoni itakayofaa kupikia na kufinyangia

MamaVyetezo (mwanzishaji)
Assalamu alaykum ndugu zangu. Nina umri wa miaka 51, wanangu wote wana miji yao, na tangu mwaka jana nimejifunza kufinyanga vyetezo na vyungu vidogo, kazi ambayo imenituliza moyo tangu nilipofiwa na mume. Sasa ninalitengeneza jiko upya. Ni chumba chembamba chenye stoo ubavuni, na nimekusudia kuuvunja ukuta wa katikati ili nipate nafasi ya meza ya kufinyangia, gurudumu, na baadaye joko dogo la umeme la kuchomea vyungu. Swali langu ni moja tu: kaunta niiweke ya graniti, ya vigae au ya saruji iliyosuguliwa? Fundi anataka jibu kabla ya Ijumaa, na mimi usingizi umenipaa.

MpishiWaMajengo
Weka graniti, dada yangu. Mimi niliweka vigae, na manjano ya kusaga yakaingia katika mistari ya baina ya vigae hata ndimu na magadi vikashindwa kuyatoa. Kabati nazo ziwe za mbao za kweli, kwa sababu zangu za mbao za unga zilivimba kwa unyevu wa bahari kabla sijamaliza kulilipa deni lake.

UdongoNaMaji
Mimi ni mfinyanzi, na ninakusihi usichanganye udongo na chakula. Vumbi la udongo mkavu lina silika, ambayo huharibu mapafu polepole, kwa hiyo meza ya kufinyangia haifagiliwi, hupanguswa kwa sponji iliyolowa. Maji ya kunawia mikono yaachwe ndani ya ndoo mpaka udongo utuame, la sivyo bomba la sinki litaziba. Joko nalo hufika nyuzi 1,000 hivi za selsiasi katika mchomo wa kwanza tu, hutoa moshi usiofaa kuvutwa, na linataka waya wake mnene utokao moja kwa moja kwenye kisanduku cha umeme. Mahali pake ni uani chini ya paa, si kando ya jiko la kupikia.

FundiChokaa
Nashangaa tunazungumzia kaunta na hakuna aliyeuliza habari ya ukuta. Dada, nyumba iko mtaa gani, ukuta ni wa nini, na juu ya jiko kuna nini?

MamaVyetezo
Iko Mji wa Kale, Mombasa. Ukuta ni wa matumbawe na chokaa, na juu kuna chumba alichokuwa akilala marehemu mama. Lakini fundi wangu ni mtu mzima mwenye uzoefu, ameniambia kwamba stoo ile iliongezwa baadaye, na arubuni ya shilingi 60,000 nimeshampa. Naomba turudi kwenye kaunta.

FundiChokaa
Haturudi. Vyumba vya nyumba zile ni vyembamba kwa sababu boriti za mikandaa, yaani miti ya mikoko, hazina urefu wa kuvuka zaidi ya mita tatu hivi, kwa hiyo ukuta wa katikati ndio unaopokea ncha za boriti za pande zote mbili. Ukiuvunja bila kuegemeza, chumba cha mama kitashuka jikoni. Usikubali pia kupigwa plasta ya saruji, kwa kuwa huziba pumzi ya matumbawe, na unyevu pamoja na chumvi hubaki ndani vikiula ukuta. Isitoshe, Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na ukuta hauvunjwi bila kibali.

MzeeWaBaraza
Binti yangu, umesema chumba cha marehemu mama. Nyumba yenyewe ni ya nani?

MamaVyetezo
Ni ya wazee wetu, nasi tumebaki watatu, mimi na kaka zangu wawili walio Maskati. Mirathi haijagawanywa. Lakini mimi ndiye niliyemuuguza mama miaka sita, mimi ndiye ninayelipa fundi wa paa kila mvua ikinyesha, na hao hawajawahi kuuliza hata bei ya chokaa. Je, mtu aombe ruhusa ya kupika?

MzeeWaBaraza
Ikiwa warithi ni nyinyi tu, fungu lako ni moja kati ya matano, kwani katika mirathi ya Kiislamu kila mwana wa kiume hupata mafungu mawili na wa kike moja. Kumuuguza mama ni thawabu kubwa, lakini hakuongezi fungu. Waandikie kaka zako, na mkishindwana, mahakama ya Kadhi ipo.

SiriYaPwani
Samahani, mimi siamini kisa hiki. Miezi michache iliyopita mwandishi huyu alisema humu kwamba amepanga Likoni na analalamikia foleni ya feri. Leo ana nyumba Mji wa Kale?

MpishiWaMajengo
Hata mimi nimeanza kushuku. Kila tukimuuliza, jambo jipya linatoka.

MamaVyetezo
Nilipanga Likoni hadi mama alipofariki, na nilikuwa nikivuka kila alfajiri kuja kumlisha. Sikuyataja kwa sababu nilijua mtaniambia niache. Jana fundi alibandua plasta juu ya mlango wa stoo, nikapanda ngazi kuangalia. Ncha nne za boriti zimelala juu ya ukuta, tatu ni nyekundu na ngumu kama chuma. Ya nne niliigusa kwa kidole, ikamong'onyoka mkononi kama kahawa ya kusaga, na mchwa wakatoka.

FundiChokaa
Mimi namwamini, kwa sababu hilo halielezwi na mtu asiyeliona. Dada, leo hii mwambie fundi asimamishe kazi, asimamishe na miti ya kuegemeza dari pande zote mbili za ukuta, na mtu yeyote asiingie chumba cha juu.

MamaVyetezo
Kazi imesimama. Nimempigia kaka mkubwa na kumweleza yote, hata ile arubuni. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama kabati la vyombo la mama bado limeegemea ukuta ule. Nikamwambia bado lipo.

FundiChokaa
Basi liondoeni kwanza, na vyombo vyake vitangulie kutolewa. Mti wa kati utasimama palepale.