Tupeane uzoefu: siku ya kwanza uliyomtoa mwanao nje

Mama wa Bububu

Assalamu alaykum wazazi wenzangu wenye watoto wenye ulemavu. Dawa na mazoezi tumeshazungumza sana. Leo naomba tuzungumze siku ile ya kwanza uliyomtoa mwanao nje, watu wakamwona.

Naanza mimi. Mwanangu mwanamume ana miaka minane. Alipozaliwa hakulia. Wenye watoto kama wangu mnalijua uzito wake neno hilo, daktari akikuuliza "alilia?" ukajibu hapana, unaona uso wake unavyobadilika. Miezi ikapita shingo haikazi, mikono imekunjamana kifuani, kumnyonyesha ni kazi ya saa nzima. Tukaambiwa ni mtindio wa ubongo, hewa ilikosekana wakati wa uchungu. Nyumbani kwa wakwe yakasemwa mengine: nimepita mahali wakati wa magharibi na mimba, ukoo wetu una jambo. Tukanywa makombe ya aya za Qur'ani, tukafukizwa, baba yake akauza ng'ombe. Mama mkwe simlaumu. Alimpenda mjukuu wake na alitafuta kwa njia aliyoijua.

Miaka sita mtoto alikaa chumba cha ndani. Hakuna aliyenikataza kumtoa. Mgeni akipiga hodi, mimi mwenyewe nilikuwa navuta pazia.

Idi ya mwaka juzi watoto wa mtaani wamevaa, wanapita nyumba kwa nyumba kupokea sikukuu, yeye yuko kitandani anawasikia. Hasemi, lakini anasikia kila kitu. Akageuza kichwa mlangoni akalia, na kilio kile hakikuwa cha njaa wala cha maumivu, mimi navijua vilio vyake vyote. Nikafungua kabati. Kila mwaka baba yake alikuwa akimnunulia nguo ya Idi, na kila mwaka naikunja naiweka. Nikamvisha kanzu na kofia, nikamfunga kwa kanga, tukapanda daladala ya 502 mpaka Darajani, kutoka hapo kwa miguu mpaka viwanja vya Mnazi Mmoja.

Ndani ya daladala mwanamke mmoja alimvuta mwanawe upande wa pili. Nikatazama dirishani. Kufika uwanjani watoto wakatuzunguka, na kisichana cha miaka mitano hivi kikaniuliza, "Mbona hatembei?" Nikasema miguu yake haijafahamu kutembea. Kikamtazama, kikavua miwani yake ya plastiki ya sikukuu, kikamvisha. Mwanangu akacheka. Kicheko kile nilikuwa nakijua mimi na baba yake tu, na sasa watu wanageuka kumtazama anavyocheka. Nililia pale pale mbele za watu.

Mgongo uliniuma siku mbili. Lakini wiki ile ile nilimwendea seremala wetu, akamtengenezea kiti cha kona cha mbao za mwembe, na kila alasiri yuko barazani. Hata kula sasa anakula amekaa, kichwa kimeinama mbele kidogo, siyo kulazwa na kumiminiwa uji kama nilivyokuwa nikifanya. Chakula kilikuwa kinaingia kifuani bila ya mimi kujua. Zile homa za mapafu za kila mwezi zimepungua.

Karibuni na nyinyi.

Baba wa Mkoani

Waalaykumu salaam. Mimi baba, naona humu wengi ni kina mama, mtanivumilia.

Kwangu kumtoa nje kulikuwa ni kupanda meli. Binti yetu alizaliwa na mgongo wazi, uvimbe kiunoni kama yai, ngozi juu yake nyembamba unaona maji. Siku ya nne tukaambiwa apelekwe Unguja, hospitali ya Mnazi Mmoja, kwenye jengo la upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo lililojengwa kwa msaada wa taasisi ya NED ya Hispania. Mke wangu bado hajapata nguvu, kwa hiyo mtoto nilimshika mimi, kifudifudi mapajani, tangu gati ya Mkoani mpaka Malindi. Huwezi kumlaza chali, uvimbe utapasuka. Meli nzima inaona mwanamume mzima kashika kichanga kifudifudi. Watu wakanong'ona. Akaja bibi mmoja wa makamo, hakuuliza kitu, akavua kanga yake ya pili, akatutundikia pembeni pawe na kivuli. Sikumjua na sijamwona tena.

Mgongo ukafungwa. Baadaye kichwa kikaanza kukua, akawekewa mpira unaoteremsha maji kutoka kichwani mpaka tumboni, uko chini ya ngozi, huuoni. Sasa nataka hili mlisikie vizuri wenye watoto wa mpira. Mwaka jana, ana miaka mitano, alianza kutapika asubuhi, kichwa kinamuuma, na usingizi usio wake. Karibu na nyumbani tukaambiwa malaria, tukapewa dawa. Mke wangu akakataa. Alisema, "Huyu ni mpira." Tukapanda meli usiku ule ule, na kweli ulikuwa umeziba. Mtoto wa mpira akitapika na kusinzia, au kwa mtoto mchanga ukaona utosi umevimba na macho yanazama chini kama jua la magharibi, usikubali kurudishwa nyumbani kabla mpira haujatazamwa.

Skuli ndiyo kutoka nje kwa pili. Mkojo wake hautoki wenyewe ukamalizika, lazima utolewe kwa mrija kila baada ya saa nne, mikono safi, mrija safi, la sivyo figo zinaharibika. Skuli ya kwanza walituambia tusubiri mpaka "apone." Nikawajibu kuwa Zanzibar kuna sheria ya watu wenye ulemavu tangu 2006, mtoto hapaswi kukataliwa skuli kwa ulemavu wake. Hawakugombana na mimi wala hawakumpokea. Skuli ya pili mwalimu mkuu alituuliza swali moja tu: chumba gani kitafaa? Mke wangu huenda wakati wa mapumziko, dakika kumi, anarudi.

Mama wa Bububu

Allah amlipe bibi yule wa kanga. Baba, samahani kwa kuuliza, mlipata mtoto mwengine baada yake? Mdogo wangu anaogopa, wa kwanza wake alikuwa hivyo hivyo.

Baba wa Mkoani

Tumepata, mzima, ana mwaka na nusu. Mwambie mdogo wako asingoje mpaka mimba iingie. Mgongo wa mtoto unafungika ndani ya mwezi wa kwanza, mama mwenyewe pengine hajajua kama ana mimba. Aende kwa daktari mapema, aseme wazi kuwa wa kwanza alikuwa na mgongo wazi, kwa sababu mama kama huyo hupewa folik asidi ya kipimo kikubwa kuliko ile ya kawaida ya kliniki.

Mchuma Karafuu, Wete

Mimi wangu humwoni kitu kwa kumtazama. Ana miaka kumi na mitatu, mrefu, anasoma. Ana kifafa. Kumtoa nilikuwa namtoa, ila kila nikimtoa naomba asianguke mbele ya watu.

Akaanguka harusini, ukumbi umejaa kina mama. Ilikuwa msimu wa karafuu, tumekaa kambini siku nne, na dawa nilizisahau nyumbani. Siku nne bila fenobabitoni! Nalisema ingawa linaniumiza, kwa sababu najua siko peke yangu: mtoto akikaa muda bila kuanguka tunadhani keshapona, tunalegeza. Dawa ya kifafa haikatwi ghafla.

Alipoanguka watu wakakimbia, wanaogopa povu lisiwaguse. Mmoja analeta kijiko amtie mdomoni, mwengine kiatu anusishwe. Nikapiga ukelele ambao sijawahi kupiga maishani: Mwacheni! Nikasogeza viti, nikamtia kanga chini ya kichwa, nikamgeuza ubavu mate yatoke, nikatazama saa. Zikipita dakika tano ni hospitali. Hazikupita. Akafumbua macho, kitu cha kwanza akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, wameniona wote?"

Nikamwambia wamekuona.

Hapo bibi harusi mwenyewe akateremka alipokaa, na hina yake na mapambo yake, akaja kukaa chini kwenye mkeka pamoja na sisi. Picha za harusi ile binti yangu yumo, kakaa karibu naye.

Povu haliambukizi, jamani. Ni mate. Kinachonitisha mimi ni moto na maji. Ana kovu la mafiga mkononi, kwa hiyo hapiki peke yake wala haendi kisimani peke yake. Na dawa sasa nina mkebe mmoja nyumbani na mmoja ndani ya mkoba wangu.

Bibi wa Jang'ombe

(Mimi ni mjukuu wake, yeye anasema mimi naandika.)

Wanangu, mimi huyu wangu sikupata kumficha hata siku moja. Mama yake yuko Maskati anafanya kazi, kaniachia ana miaka miwili. Walimwita majina, mimi nikawa namwita kwa jina lake kwa sauti kubwa mtaani mpaka wakalizoea. Ana Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha akili, na moyo una tundu, daktari kasema ni dogo, tunafuatilia. Msibani tunakwenda, maulidini tunakwenda. Nauza visheti asubuhi na yeye ndiye anayetia kwenye mfuko, akikosea hesabu mteja anamrekebisha.

Pesa za pensheni jamii, ile ya wazee wa miaka 70, ilipoanza 2016 ilikuwa elfu ishirini, baadaye ikapandishwa ikafika elfu hamsini. Yote inakwenda kwake, nauli za kliniki na viatu, maana miguu yake mipana viatu havimwingii.

Linalonihangaisha ni jengine. Ana miaka kumi sasa na bado anakumbatia kila mtu. Alipokuwa mdogo watu walifurahi. Kesho atakuwa kijana mwenye ndevu, atamkumbatia mtoto wa mtu, watamfanyaje? Na mwenye nia mbaya naye atamfanyaje? Basi namfundisha mkono. Anayemjua vizuri anakumbatiwa, wengine mkono tu. Miezi mitano tuko kwenye mkono. Wateja wote nimewaambia, akija kukukumbatia nyoosha mkono wewe kwanza.

Jirani wa Kiwengwa

Nasoma tu siku zote, leo naandika. Mimi simtoi. Nilimtoa. Ana miaka minne, mtindio kama wa Mama wa Bububu. Tulikwenda kliniki, mtu akampiga picha kwa simu, jioni ile ile nikaletewa picha ya mwanangu na watu ambao hata hawajui kama ni wangu, imeandikwa maneno chini yake. Siwezi kuyarudia. Msinambie jicho wala aibu. Mimi namlinda.

Mama wa Bububu

Dada, sitakwambia umtoe. Lililokupata ni dhuluma, na anayestahili kuona haya ni aliyepiga ile picha.

Kwetu pia simu zilitolewa. Baba yake akajifunza neno moja. Mtu akinyanyua simu humwambia, "Njoo ukae kwanza, muulize jina lake." Wengi hurudisha simu mfukoni wakakaa. Wawili waliondoka. Lakini kwanza ilikuwa baraza ya kwetu wenyewe, alasiri, na jirani mmoja ninayemwamini. Mnazi Mmoja ya sikukuu ni mimi na wazimu wangu wa siku ile, wewe usianzie huko.

Maalim wa chuo cha Qur'ani, Chake

Nina mwanafunzi mwenye usonji (autism), hali inayompa mtoto tabu ya kuwasiliana na watu na kuvumilia kelele. Mama yake alimleta mara tatu, mara mbili nilimwambia atasumbua wenzake. Astaghfirullah. Mara ya tatu ilikuwa siku tunadurusu Surat Abasa, iliyoteremshwa kwa ajili ya Ibn Umm Maktum, kipofu aliyekuja kwa Mtume kutaka kufundishwa, sura inayokanya kumpa mgongo mtu kama huyo. Mama kasimama mlangoni na mtoto wake, mimi nina msahafu mkononi. Sikuwa na la kumjibu.

Anakaa karibu na mlango, mbali na kelele, akichoka anatoka anazunguka mwembe anarudi. Herufi hakuzitaka mwaka mzima. Siku moja wenzake wakakosea katikati ya sura na yeye akawasahihisha, hajageuka hata kututazama.

Jirani wa Kiwengwa

Mama wa Bububu, hicho kiti cha kona, seremala alipimaje? Mume wangu anaweza kuunga mbao. Tuna baraza nyuma, upande wa minazi, hapapiti watu.

Mama wa Bububu

Mkalishe mapajani mwa baba yake, magoti yamekunjwa. Pima kutoka makalioni mpaka nyuma ya goti, kisha punguza vidole viwili, mbao isije ikamchoma gotini. Nyayo zifike chini, zisining'inie. Zikiwa fupi, pigilia kibao cha kukanyagia. Mgongoni ni mbao mbili zinazokutana kama pembe ya chumba, ndizo zinazorudisha mabega mbele ili mikono ije katikati. Mbele weka meza ndogo, ukingo wake uinuke kidogo vitu visianguke. Mkanda usiwe wa kamba. Sisi tumekata kanga ya zamani, tunamfunga nyongani, siyo tumboni. Mwanzo dakika kumi tu, atalalamika. Akishazoea mwongeze.

Nitumie vipimo, nitamwonyesha seremala wetu avitazame kabla mumeo hajakata mbao.