Mjadala: Peter Gabriel katoa albamu ana miaka 73. Wakongwe wetu wa dansi mbona kimya?

Kanda Mbili
Wakuu, habari za jioni. Tarehe 1 Desemba 2023 Peter Gabriel, mwimbaji wa Uingereza, katoa albamu inaitwa i/o. Nyimbo 12, zote mpya, zake mwenyewe. Mara ya mwisho kutoa kitu cha namna hiyo ilikuwa Up ya 2002, hapo katikati alikuwa anaimba nyimbo za wenzake na kurudia za kwake kwa okestra. Mtu amezaliwa 1950, na albamu imeingia Uingereza ikashika namba moja.

Sasa turudi Dar. Ukienda kusikiliza dansi wikiendi unapigiwa nyimbo zilezile za miaka ya 80. Watu wanatoa kiingilio, wanacheza, wanakwenda kulala wameridhika. Mpya hakuna, au ipo moja na inapigwa wakati watu wameenda kuagiza mishikaki. Je, wakongwe wetu wamechoka kutunga, au sisi ndio hatutaki kusikia kipya kutoka kwao? Tujadili kwa hoja. Na msiseme namleta mzungu asiyetuhusu, huyu ndiye aliyemtoa Remmy Ongala, mwimbaji wetu wa dansi.

Dogo wa Manzese
Gabriel si ndo yule wa In the Air Tonight? Mpiga drams mwenye kipara. Namkubali sana.

Mzee Santuri
Huyo ni Phil Collins, kijana. Walikuwa bendi moja, Genesis. Gabriel ndiye aliyekuwa mwimbaji, akaondoka 1975, basi Collins akahamia kwenye maiki. Kipara wanacho wote wawili siku hizi, kwa hilo nakuelewa.

Dogo wa Manzese
Shikamoo mzee. Kwa hiyo nilikuwa karibu.

Binti Sinza
Ngojeni kwanza. Aliyemtoa Remmy? Remmy alitolewa wapi? Mimi nimekulia Sinza, kituo cha daladala kinaitwa kwa Remmy mpaka kesho. Konda akisema "kwa Remmy wapo?" hata mtoto wa chekechea anajua anashuka wapi. Mnionyeshe kituo cha kwa Gabriel Dar nzima hii, hata kwenye vumbi huko mwisho wa reli.

Kanda Mbili
Dada, hoja ya uzi ni utunzi wa nyimbo mpya. Hilo la Remmy nimelisema kwa kupita tu. Ila kwa kuwa umelishika: lebo ya Gabriel, Real World, ndiyo iliyotoa Songs for the Poor Man 1989 na Mambo 1992. Bila hizo dunia isingemjua.

Binti Sinza
Dunia gani? Manzese siyo dunia? Tandale siyo dunia? Watu walikuwa wanamwita Dokta, wanajaza ukumbi, wanalia wakimsikiliza anaimba mambo ya mnyonge, hao wote hawakuhesabiwa mpaka mzungu afike na mashine yake. Umeandika kwa kupita lakini ndicho unachoamini.

Mvuvi wa Kunduchi
Nimeweka kambi. Leteni kahawa.

Fundi Miksa
Nadhani swali la mleta mada lina jibu, na halihusu uchovu wa mtu yeyote.

Gabriel ana studio yake, Real World, ipo kijijini huko Box, Wiltshire. Nyimbo anazimiliki yeye. Albamu yake So ya 1986 bado inamlipa. Mtu wa hivyo anaweza kukaa na wimbo miaka mingi, anaubadilisha jina, anautupa, anaurudia. Tena i/o kaitoa ikiwa na miksi mbili za nyimbo zilezile, yaani sauti zimechanganywa na mafundi wawili tofauti: Bright-Side ya Spike Stent na Dark-Side ya Tchad Blake, na ipo ya tatu kwa wenye spika za kuzunguka chumba. Nimezisikiliza mbili za kwanza kwa hedifoni. Wimbo wa The Court kwenye Dark-Side besi inakuja mbele, chafu kidogo, mpiga besi Tony Levin unamsikia vidole. Huo ni uhuru wa mtu asiyedaiwa saa za studio.

Wetu je? NUTA Jazz, ndiyo Msondo ya baadaye, 1964, waajiriwa wa chama cha wafanyakazi, mshahara mwisho wa mwezi. Bendi za watu binafsi, vyombo vya tajiri. Hata hilo jina la bendi ya Remmy, Matimila, ni la mfanyabiashara aliyekuwa mwenye vyombo. Kurekodi mnakwenda Redio Tanzania, RTD, wimbo unabaki kwenye maktaba ya redio. Sahani zinakwenda kukatwa Nairobi maana hapa kiwanda hakikuwepo. Sheria ya hakimiliki yenye chombo cha kukusanya mirabaha imekuja 1999, wengi wao wameshazeeka au wameshakufa. Mtu ambaye nyimbo zake za zamani hazimlipi chochote, hiyo mpya aitunge kwa muda gani na kwa pesa ya nani? Anapiga zile za zamani kwa sababu ndizo zinazoleta kiingilio cha Ijumaa.

Dogo wa Manzese
Fundi unasema kila wimbo una miksi mbili, sasa mtu mwenye bando la wiki asikilize ipi? Mimi naona ni kutafuta hela mara mbili.

Fundi Miksa
Katika yote niliyoandika umeliona hilo la bando.

Mvuvi wa Kunduchi
Nimesoma pia kwamba mwaka 2023 Gabriel alikuwa anatoa wimbo mmoja kila mwezi mpevu, kuanzia Januari. Sasa huyo ni mwanamuziki au mganga wa Bagamoyo?

Mbagamoyo Asilia
Na nyie watu wa Dar muache. Kila mkitaka kutaja uganga ni Bagamoyo. Hapa kuna chuo cha sanaa ambacho nusu ya wapiga ngoma mnaowalipa kwenye harusi zenu wamepita, lakini mkiamka asubuhi mnakumbuka hirizi tu. Waganga wenye mabango mpaka kwenye nguzo za umeme wako Mbagala na Buguruni, huku kwetu hakuna bango.

Mvuvi wa Kunduchi
Nimetania, mjomba.

Mbagamoyo Asilia
Tania Kunduchi yako.

Mtanganyika Halisi
Mimi nashangaa mnagombana kwa ajili ya Remmy wakati mwenyewe ni Mkongo. Tuna Wagogo, Wazaramo, Wanyamwezi wamepiga muziki hapa, hawana kituo wala kona.

Binti Sinza
Nilijua atatokea tu mmoja.

Mzee Santuri
Alizaliwa Kindu, Kongo, 1947, hilo halina ubishi. Kaja Dar 1978 kwa mjomba wake, kwenye Orchestra Makassy. Akaishi hapa, akaimba kwa Kiswahili, akafa hapa Desemba 2010. Ukiwatoa Wakongo kwenye dansi la Dar unabaki na nini, Mtanganyika? Bendi ya Maquis utaipeleka wapi? Utabaki unapiga mluzi.

Mtanganyika Halisi
Nitabaki na Mbaraka Mwinshehe. Ananitosha.

Mzee Santuri
Hapo sina la kusema.

Kanda Mbili
Wakuu turudi kwenye mada tafadhali. Wakongwe na nyimbo mpya. Fundi ametoa hoja nzito, kuna anayempinga?

Mwalimu Mstaafu
Ninapinga hili la Gabriel kuonekana mfadhili wa Waafrika. Huyu si ndiye aliyekwenda Afrika Kusini 1985 akarekodi na wanamuziki weusi wa huko wakati dunia imesusia makaburu? Hapa Dar Kamati ya Ukombozi ya Afrika ilikuwa na makao yake tangu 1963, wapigania uhuru wa Afrika Kusini, ANC, walikuwa na shule yao Mazimbu, Morogoro. Sisi tumetoa ardhi, yeye ametoa albamu akauza. Msitusahaulishe.

Mzee Santuri
Mwalimu, huyo ni Paul Simon, na albamu ni Graceland. Gabriel ni yule wa wimbo wa Biko, 1980, miaka mitatu baada ya Steve Biko kufia mikononi mwa polisi. Kwenye i/o wamo Soweto Gospel Choir. Umemchapa mtoto wa jirani.

Mwalimu Mstaafu
Paul Simon, Peter Gabriel, mantiki ni ileile. Muziki unatoka huku, jina linaandikwa kule. Na Mazimbu nimesema kweli au uongo?

Mzee Santuri
Kweli tupu.

Mwalimu Mstaafu
Basi.

Kanda Mbili
Sasa Mwalimu, mtu aliyeanzisha WOMAD, tamasha la muziki wa mataifa yote, la kwanza 1982 likamtia kwenye madeni mpaka Genesis wakarudi jukwaani kwa onyesho moja ili walipe, huyo naye ni mnyonyaji? Kina Remmy walialikwa huko 1988. Hakuna aliyelazimishwa.

Binti Sinza
Na kanda ya Remmy ilifikaje huko? Haikupaa. Rafiki yake aliyekuwa anarudi Uingereza ndiye aliyeibeba akaifikisha. Maana yake kazi ilikuwa imeshafanyika Dar, imeshapendwa Dar, ndipo ikabebwa. Gabriel alifungua mlango, sawa, nampa heshima yake. Ila mtu akikufungulia mlango hajakuzaa. Kanda Mbili futa ile sentensi ya kumtoa Remmy tuendelee na mada yako vizuri.

Kanda Mbili
Sifuti. Nitaongeza neno "kimataifa".

Binti Sinza
Kimataifa! Haya.

Chipukizi wa Temeke
Naomba niseme ukweli ambao wazee hawataupenda. Mnalia wakongwe hawatungi, wakongwe hawalipwi. Mzee Gurumo, mwimbaji wa dansi, alipostaafu 2013 nani alimpa gari? Diamond. Msanii wa bongo fleva ambaye nyie kila siku mnasema anaharibu muziki. Nyie mashabiki wa dansi mlimpa nini? Mlimpa makofi. Kwa hiyo kabla ya kutukanwa singeli na fleva hapa, jiulizeni.

Mzee Santuri
Nani katukana singeli? Soma uzi tangu juu, hakuna aliyeitaja.

Chipukizi wa Temeke
Najua mlikuwa mnaelekea huko.

Fundi Miksa
Chipukizi, hoja yako inaniunga mkono na hujui. Mtu kaimba tangu 1960, kaondoka jukwaani, gari anapewa kwa hisani. Hisani ni nzuri, lakini mirabaha haihitaji mtu awe na moyo mzuri. Gabriel hakuna aliyempa gari.

Chipukizi wa Temeke
Kwa hiyo Diamond alikosea?

Fundi Miksa
Yaa Rabi.

Jicho la Msondo
Afadhali mmemtaja Gurumo. Baba wa Msondo. Unaposema wakongwe hawatungi, Kanda Mbili, ulikwenda wapi wewe? Maana Msondo nyimbo mpya zimekuwa zikitoka, ni nyie mnaopiga kelele "pigeni ya zamani" kabla wimbo haujafika kwenye chorasi. Nimeyashuhudia. Mwimbaji katangaza kitu kipya, meza ya mbele imeanza kudai ile ya mwaka 47. Sasa mtunzi afanye nini, apigane na walioleta pesa?

Kanda Mbili
Ahsante! Hili ndilo nilikuwa nalitafuta. Kwa hiyo tatizo ni sisi. Gabriel naye kwenye ziara ya 2023 aliwapigia watu nyimbo ambazo albamu yake ilikuwa haijatoka bado, wakakaa wakasikiliza, za So zikaja kwa zamu yake. Sisi tunaweza kukaa hivyo?

Sikinde Damu
Samahani, nani kasema Gurumo ni baba wa Msondo? Mwaka 1978 aliondoka na wenzake wakaja Mlimani Park, ndiyo Sikinde. Sauti mnayoijua ya Gurumo, ile iliyokomaa, ni ya Sikinde.

Jicho la Msondo
Aliondoka akarudi. Mtu anarudi kwao. Kwanza NUTA ameianzisha na wenzake 1964, Sikinde ilikuwa bado haijafikiriwa.

Sikinde Damu
Alipita bendi ya OSS pia, mbona hamsemi ni baba wa OSS?

Mtanganyika Halisi
Angalau huyu ni Mzaramo.

Kanda Mbili
Jamani, swali lilikuwa kama tunaweza kukaa kusikiliza wimbo mpya.

Sikinde Damu
Tunaweza, ukiwa wa Sikinde.

Jicho la Msondo
Andika hapa wimbo mmoja wa Sikinde unaoufikia utunzi wa Msondo. Mmoja tu. Nasubiri.

Sikinde Damu
Unasubiri nini, fungua redio Jumapili mchana.

Dogo wa Manzese
Wakati mnagombana nimemaliza bando kwa i/o. Nimesikiliza And Still, ule aliomwimbia marehemu mama yake, na Road to Joy. Ule wa pili ukimpa mtu wa singeli aongeze kasi kidogo unachezeka vigodoro. Fundi, niliyosikiliza ni miksi ipi? Pichani hapajaandikwa.

Fundi Miksa
Angalia jina la albamu chini, Dogo. Kama umeona jua linawaka kwenye muziki, ni Bright-Side.

Dogo wa Manzese
Mimi nimeona salio limeisha.

Sikinde Damu
Jicho, umekimbia? Orodha yangu iko tayari, naanza na za 1982.

Jicho la Msondo
Weka. Na uandike nani katunga, siyo nani kaimba, maana hapo ndipo mnapopenda kuchanganya.