Sistimu ikigoma, nani aruhusiwe kuibandikia bei?

Mleta mada, Amu mjini

Asalaam aleikum jamani. Kuna jambo limetugawa chamani tangu mwezi uliopita, na nimeona nilitoe hadharani kwa sababu vyama vya aina yetu ni vingi Lamu hii.

Sisi ni manahodha, walimu na wenye maduka. Pesa zetu tumenunulia hisa katika Soko la Nairobi, na hesabu tunaiweka kwenye programu ya mkoba wa uwekezaji. Kila Ijumaa karani huingiza bei. Programu huzikagua. Bei isiyoiridhia huipaka wekundu na kukataa kupiga hesabu mpaka mtu aamue: airekebishe, au abonyeze "Kubali" ipite hivyo hivyo.

Ijumaa moja bei ya 18.50 iliandikwa 81.50. Vidole tu. Programu ikaipaka wekundu kama inavyotakiwa, karani akabonyeza "Kubali". Hisa zetu za kampuni hiyo ni 12,000, kwa hiyo mali ya chama ikavimba kwa shilingi 756,000 za hewa. Mali yote tumeigawa vipande 4,000, kila mwanachama ana vyake. Kimoja kilichokuwa 600 kikasoma 789. Jumatatu mwenzetu mmoja akajitoa na vipande vyake 100, akalipwa 78,900 badala ya 60,000. Kosa lilipoonekana wiki iliyofuata, yeye ameshanunua injini ya mtumba na imeshafungwa botini.

Sasa kamati inataka kitufe cha "Kubali" king'olewe kabisa. Sistimu ikigoma, imegoma. Tungoje waliotuuzia programu wafungue wao huko Nairobi. Mimi napinga. Mnaonaje?

Mwanachama, Shela

Naiunga mkono kamati. Bei ni ya soko. Soko limesema 18.50, karani ana mamlaka gani ya kuandika nyingine? Kijana yule namheshimu, na babake tumesafiri pamoja jahazi moja, lakini pesa za watu hazilindwi kwa heshima. Mlango usio na kazi huzibwa.

Karani mstaafu, Langoni

Ami, kabla hujaziba mlango, njoo ukae kwenye kile kiti. Kabla ya huyo kijana nilikikalia mimi.

Ni Ijumaa, saa tano na nusu, watu wanaanza kwenda msikitini na mweka hazina anataka karatasi yake. Kwenye kioo kuna mistari 23 myekundu. Ule wa juu kabisa zamani zangu ulikuwa Kenya Airways: "Bei haijabadilika". Itabadilikaje? Hisa hizo zilisimamishwa sokoni Julai 2020, hazikuuzwa tena hadi Januari 2025. Muda wote huo ni 3.83, na kila wiki programu inanipigia kelele kana kwamba imegundua jambo. Unaofuata, tarehe ya gawio haipo. Unaofuata, jina la kampuni limeandikwa kwa herufi ndogo. Vya namna hiyo. Juu ya orodha kuna "Chagua zote", pembeni yake "Kubali". Zaidi ya wiki mia mbili nilibonyeza na sikukosea hata mara moja. Kidole hufundishwa hivyo.

Nimemwomba kijana anionyeshe orodha ya siku ile. Ule wa 81.50 ulikuwa wa 17. Kioo chetu kinaonyesha 12, mingine mpaka ushushe.

Fundi wa programu, Malindi

Mzee wa Langoni amesema yote, ila hajui kwamba kisa chake kilishatokea London, na kwa pesa za kutisha. Tarehe 2 Mei 2022, mfanyakazi wa Citigroup, benki kubwa ya Marekani, alitaka kuuza fungu la hisa la dola milioni 58. Namba hiyo akaiandika kwenye nafasi ya idadi badala ya nafasi ya thamani, na fungu likawa la dola bilioni 444. Mitambo ilizuia sehemu, sehemu ikapita, na hisa za dola bilioni 1.4 zikawa zimeuzwa katika masoko ya Ulaya kabla hajasimamisha. Je, hakuonywa? Alionywa mara 711 kwa mpigo! Kidirisha kilionyesha mistari 18 ya kwanza, naye aliweza kukipita bila kushusha mingine. Mwaka 2024 wasimamizi wa fedha wa Uingereza waliipiga benki hiyo faini ya jumla ya pauni milioni 61 na ushei.

Kwa hiyo mimi nauliza swali jingine. Kwa nini mistari ilikuwa 23? Mleta mada, bei ikibadilika kwa asilimia ngapi ndipo programu yenu huipaka wekundu?

Mleta mada

Kumi. Ikizidi hapo, wekundu.

Fundi wa programu, Malindi

Nilijua. Hiyo kumi imechukuliwa sokoni: kwa kawaida Soko la Nairobi haliruhusu bei ya hisa kupanda au kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku. Kwa siku! Ninyi mnaingiza bei mara moja kwa wiki. Hisa ya shilingi 100 ikipanda kumi kumi siku tano mfululizo inafika 161, na ikishuka hivyo hivyo inafika 59, na soko halijavunja sheria yoyote. Kwa hiyo bei halali kabisa zinapakwa wekundu kila Ijumaa kwa sababu kipimo cha siku kinapima wiki. Ukilia kila siku, siku ya msiba wa kweli nani atakuja?

Na mkiondoa kitufe, mjue mnachokaribisha. Mwaka 2009 Benki ya Equity iligawa kila hisa kuwa kumi. Siku kama hiyo bei hushuka hadi sehemu ya kumi, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Sistimu isiyo na mlango ingeikataa bei mpya na kushikilia ya jana, huku idadi ya hisa imeshazidishwa kwa kumi. Kwa hisa hizo chama kingekuwa tajiri mara kumi. Kamati ingechinja mbuzi.

Kuna siku soko lenyewe lilifanya ambalo mwandishi wa kanuni hakulitarajia: tarehe 20 Aprili 2020 mafuta ghafi ya Marekani ya kupokelewa Mei yalifunga kwa dola 37.63 chini ya sifuri. Programu zilizoandikiwa kwamba bei haiwi hasi zilibaki zimeduwaa.

Mwanachama, Shela

Mnazungumzia makosa ya vidole. Je, makosa ya moyo? Kuna bwana anaitwa Kareem Serageldin, alikuwa mkubwa kwenye kitengo cha bondi cha benki ya Credit Suisse. Bei za bondi za mikopo ya nyumba zilikuwa zinaporomoka, yeye na wenzake wakawa wanaziandika vitabuni kubwa kuliko zilivyo. Alihukumiwa New York mwaka 2013, miezi 30 jela. Naye alikuwa na kitufe.

Msije mkaniambia "watu wawili watie saini". Amu ni ndogo. Wa pili atakuwa binamu yake, au shemeji, au aliyemkopesha juzi.

Bi wa Mkomani

Naomba na mimi niseme, maana naona vitufe vimezungumzwa zaidi kuliko pesa. Nina vipande 40. Zile 18,900 alizozidishiwa mwenzetu zimetoka kwenye vipande 3,900 tuliobaki navyo, karibu shilingi 5 kila kimoja. Kwangu mimi ni 194. Haziniui njaa.

Kilichonikera ni kingine. Nilikwenda ofisini kuangalia ile wiki ilivyokuwa. Nimekuta 18.50. Safi, nyeupe, kama kwamba hakuna lililotokea. Kurekebisha kwao ni kuifuta 81.50 na kuandika juu yake! Jina la aliyekubali halipo, sababu haipo, saa haipo. Nisingeambiwa na jirani nisingejua. Hata daftari la duka la marehemu mume wangu, kosa lilikatwa kwa mstari mmoja ili lisomeke, na kando yake unatia saini.

Fundi wa programu, Malindi

Bi, umenipiku. Huo mstari mmoja wa daftarini ndio ninaoutengeneza kazini kwangu. Bei ya mkono iwekwe pembeni ya ile iliyotangulia, zote mbili zibaki, na kitufe kisikubali mpaka sababu iandikwe kwa maneno. Na iwe na siku ya kufa: wiki moja, kisha inaanguka yenyewe na mtu analazimika kuitazama upya.

Mleta mada

Hilo nitalipeleka kamatini, pamoja na kikomo cha wiki. "Chagua zote" nakubali ing'olewe leo leo. Kuhusu saini ya pili, Shela ana haki. Lakini tuna mwalimu Faza ambaye hana undugu na yeyote ofisini, na bei anaweza kuzitazama kwa simu kutoka huko.

Ila Shela, nawe nikuulize. Umesema bei ni ya soko. Kenya Airways kwa miaka ile minne na nusu haikuwa na soko. Kanuni za kimataifa za uhasibu zenyewe zinasema pasipo na soko hai, unakadiria, na unaeleza umekadiriaje. Hapo utakimbia vipi mkono wa mtu?

Mwanachama, Shela

Hapo umenishika kidogo. Lakini nami nawauliza hivi. Wenzetu waliojitoa miaka ile walilipwa kwa 3.83. Soko limefungwa. Ilikuwa bei ya nani?

Karani mstaafu, Langoni

Yangu. Kila Ijumaa.