scp inaanza upya kila intaneti inapokatika: nifanyeje?

Mpigapicha_Tanga:
Habari za jioni, wanajukwaa. Nina folda ya picha za harusi na mahafali yenye ukubwa wa GB 38 katika kompyuta mpakato yangu ya Linux, nami nataka kuihamishia kwenye seva niliyoikodi nje ya nchi. Nimekuwa nikitumia scp -r (amri ya kunakili mafaili kwenda kompyuta nyingine kupitia mtandao), lakini intaneti yangu ni ya modemu ya simu, na kila inapokatika, nikirudia amri ile ile, scp huanza tena na picha ya kwanza kana kwamba hakuna kilichofika. Jana niliteketeza bando la GB 10 kwa kupeleka picha zile zile mara mbili. Je, iko njia ya kuendelea pale nilipoishia? Na je, nizifunge zote katika faili moja la zip kwanza, kama nilivyoshauriwa?

Fundi_Seva:
Pole kwa bando, ndugu yangu. scp haiangalii kilichokwisha kufika. Kazi yake ni kunakili tu. Tumia rsync, programu ya kulinganisha na kunakili mafaili iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, ambayo ilibuniwa kwa kuzingatia mawasiliano ya polepole kama hayo yako. Ni sharti iwe imesakinishwa pande zote mbili:

rsync -avP picha/ mimi@seva:/srv/picha/

Herufi a hutunza tarehe za mafaili, na hiyo ndiyo siri yenyewe, kwa sababu ukirudia amri, faili ambalo ukubwa na tarehe yake vinalingana na lililoko kwenye seva hurukwa. P hubakiza kipande cha faili lililokatikia njiani. Picha ulizozituma kwa scp zina tarehe mpya kule, kwa hiyo rsync itazipitia, lakini itatuma tofauti tu, mradi uelekeze kwenye folda ile ile zilipo.

Zip achana nayo. JPEG, yaani aina ya faili la picha zako, tayari imebanwa, hivyo hutaokoa chochote cha maana, na faili moja likiharibika, umeharibikiwa na harusi zote.

Bibi_Terminali:
Naongeza jambo dogo ambalo liliwahi kunipotezea asubuhi nzima: ule mkwaju ulio mwishoni mwa picha/ una maana. Usipouweka, rsync itaunda folda ya picha ndani ya folda ya picha, kisha itapeleka kila kitu upya. Kwa wanaotumia Windows, programu ya kuhamisha mafaili ya WinSCP nayo huweza kuendelea ilipoishia. Ukiona faili lenye kiishio cha .filepart kwenye seva, usilifute, kwani hicho ndicho kipande kinachosubiri kumaliziwa.

Mpigapicha_Tanga:
Nawashukuru sana. Modemu imezimika mara tatu usiku huu, na kila iliporudi, kazi iliendelea na picha ile ile iliyokuwa imekatika. Naweza sasa kuzifuta zilizoko kwenye mpakato?

Fundi_Seva:
Bado. Endesha kwanza rsync -avnc ukiwa na anwani za folda zile zile. n huzuia kitu chochote kisihamishwe, na c hulinganisha yaliyomo ndani ya kila faili, si tarehe. Itachukua muda mrefu, ila bando haitaligusa sana. Orodha ikitoka bila jina la picha hata moja, basi zimefika zote. Hata hivyo, mimi ningenunua diski ya nje kabla ya kufuta harusi za watu.