Mjadala: Diaspora kuwaomba wabunge wa nje waukatae uchaguzi wa Oktoba 29, ni usaliti?

Wakuu, habari za wakati huu.

Najua hoja hii itatugawa, maana hata nyumbani kwetu imeshatugawa. Tangu Novemba 2025 Watanzania wanaoishi Ulaya na Marekani wamekuwa wakiandamana na kuwaandikia wabunge wa nchi wanazoishi, wakiwaomba wasiukubali uchaguzi wetu wa Oktoba 29. Huku nyumbani wanaitwa wasaliti na vibaraka wa mabeberu. Mimi nasema si wasaliti. Nina ugomvi nao kwenye jambo moja tu, nitalifikia.

Kwanza tukumbushane. Aprili 2025 Tundu Lissu, mwenyekiti wa chama kikuu cha upinzani, CHADEMA, alikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini. Siku chache baadaye CHADEMA ikaondolewa kwenye uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili. Luhaga Mpina, mgombea urais wa chama cha ACT-Wazalendo, naye akaenguliwa. Siku ya kura intaneti ikazimwa, Dar ikawekewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa kumi na mbili jioni, na watu wakapigwa risasi. Halafu Tume ya Uchaguzi ikatangaza kwamba Rais Samia amepata asilimia 97.66, kura zaidi ya milioni 31, na waliojitokeza ni asilimia 87.

Mimi nilikuwa Tabata. Asubuhi ile nilipita mbele ya kituo chetu, nikakuta wasimamizi wamekaa, askari wamesimama, foleni hakuna. Mama mmoja alikuwa anatoka na kidole chenye wino, akanitazama kama aliyefumaniwa. Hiyo asilimia 87 siioni nikikumbuka ule uwanja. Na si mimi peke yangu. Waangalizi wa SADC walisema katika maeneo mengi wapiga kura hawakuweza kueleza matakwa yao, na wale wa Umoja wa Afrika wakasema uchaguzi haukukidhi kanuni za Umoja huo. Hao si mabeberu, ni Waafrika wenzetu.

Sasa, hoja ninayoisikia kila mahali ni kwamba mambo ya ndani yamalizwe ndani. Ni hoja nzuri, na mimi ningeifuata kama kungekuwa na pa kuyamalizia. Someni ibara ya 41(7) ya Katiba: Tume ikishamtangaza mtu kuwa amechaguliwa Rais, hakuna mahakama yoyote yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Kenya mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais, Malawi wakafanya hivyo mwaka 2020, sisi hata jalada halifunguliwi. Mwananchi mmoja alilipeleka suala hilo la ibara kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo ipo Arusha, na Julai 2020 mahakama ikasema kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika. Kifungu kipo palepale. Wakati hukumu hiyo inatoka, serikali ilikuwa imeshapeleka barua, Novemba 2019, ya kujitoa kwenye tamko lililowaruhusu raia na asasi kufungua kesi moja kwa moja pale. Kwa hiyo mahakama ya nyumbani imefungwa kwa Katiba, na ya Afrika, iliyo kwenye ardhi yetu, imefungwa kwa barua. Na hao walio nje hawapigi hata kura wakiwa huko waliko. Mnataka waseme wapi?

Kuhusu neno usaliti, naomba tusisahau tulikotoka. Machi 1955 mwalimu mmoja wa shule ya Pugu alipanda ndege hadi New York, kwa nauli waliyochangishana wanachama wa TANU, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuwaeleza wageni hali ya Tanganyika. Serikali ya kikoloni haikufurahi, na aliporudi ilibidi aache kazi ya ualimu. Huyo ndiye tunayemwita Baba wa Taifa. Mtaniambia yeye alikuwa anamshtaki mkoloni, na hawa wanaishtaki serikali yao. Ni kweli, tofauti ipo. Lakini kitendo chenyewe cha kupeleka kilio mahali kitakaposikika hatukukiita usaliti. Wala hatukuwaita wasaliti wapigania uhuru wa Afrika Kusini tuliowapa makambi Kongwa na Mazimbu, waliozunguka dunia nzima wakiomba serikali ya nchi yao iwekewe vikwazo.

Sasa ugomvi wangu.

Dada yangu anaishi Uingereza mwaka wa kumi na tatu sasa. Siku zile intaneti ilipozimwa alikuwa anapiga simu ya kawaida kila baada ya saa mbili, anauliza jambo lilelile: wote mpo ndani? Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, simu iko kwenye spika, anamjibu, "Tupo, mwanangu, tupo," hata pale mdogo wetu alipokuwa hajarudi. Wiki mbili baadaye dada akanisomea rasimu ya barua anayotaka kumpelekea mbunge wa jimbo analoishi. Aya ya tatu ilisema Uingereza ikate misaada yote kwa Tanzania. Nikamwambia, dada, hiyo ifute. Shangazi anachukua dawa zake kliniki kila mwezi, na mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada tuliona jinsi alivyokuwa anahesabu vidonge kwenye kiganja. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi niambie niandike nini."

Hapo ndipo nataka tubishane, maana tuna historia ya jambo hili. Oktoba 2015 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alifuta uchaguzi mzima. Ukarudiwa Machi 2016, chama cha upinzani CUF wakasusa, na Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM akatangazwa Rais wa Zanzibar kwa zaidi ya asilimia 91. Marekani, kupitia shirika lake la MCC, ikasimamisha takriban dola milioni 472 zilizokuwa za umeme. Nani aliumia? Aliyefuta uchaguzi hakukosa usingizi kwa nguzo ambazo hazikusimikwa. Zanzibar matokeo yakabaki yaleyale.

Ndiyo maana namwambia dada aombe adhabu inayofika kwa mtu: viza zizuiwe kwa walioamuru na kutekeleza yale ya Oktoba, na mali zao zilizo huko zizuiliwe. Mwaka 2020 Marekani ilimpiga marufuku Paul Makonda, akiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, kuingia nchini humo. Najua mtasema cheo hakikumtoka moja kwa moja. Sawa, lakini hakuna mgonjwa aliyekosa dawa kwa ajili ya hilo. Fedha za bajeti ya serikali ni jambo jingine, hizo zinaweza kushikwa. Dawa, chakula na shule visiguswe.

Wapo wanaosema ni kelele tu, kwamba wabunge wa nje hawana meno. Kiasi fulani wana haki. Kuitambua serikali ni kazi ya serikali, si ya bunge, na Rais alipoapishwa Dodoma marais kadhaa wa Afrika walikuwepo. Lakini azimio la Bunge la Ulaya la Novemba 2025, na Marekani kutangaza Desemba kwamba inaupitia upya uhusiano wake nasi, vimejibiwa haraka na kwa hasira na wakubwa wetu. Barua zetu wenyewe hazijawahi kujibiwa kwa kasi hiyo.

Dada amepewa miadi na mbunge wake Ijumaa ijayo, dakika kumi na tano. Aya ya tatu bado haijaandikwa upya. Wanaopinga, nionyesheni mlango ulio wazi hapa nyumbani, nitamwambia aahirishe. Wanaounga mkono, mngekuwa ninyi kwenye kile kiti, zile dakika kumi na tano mngeomba nini?