Mchungaji wetu anataka kugombea udiwani, nimjibu nini? (nimesoma habari za Heinrich Albertz wa Berlin)

mtu_wa_uyole

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi. Mimi ni mzee wa kanisa kwenye usharika mmoja wa KKKT huku Mbeya na kuna jambo linanikosesha usingizi wiki ya pili sasa.

Mchungaji wetu alituita wazee wanne baada ya ibada akatuambia kuna watu wa kata wamemfuata, wanataka achukue fomu ya udiwani, na yeye moyo wake umeshaelekea huko. Akasema tumuombee ila pia tumwambie ukweli bila kumficha. Sasa yule baba nampenda sana jamani, mama yangu alipozidiwa alikuja saa nane usiku kwa bodaboda mvua inanyesha akakaa nasi mpaka asubuhi, siwezi kumpa jibu la juujuu.

Ndo nikaanza kutafuta mchungaji aliyewahi kuongoza jiji, ilikuwaje. Nikakutana na huyu Albertz. Kazaliwa 1915 Breslau, mji ambao leo ni Wrocław ya Poland. Enzi za Hitler alikuwa upande wa wale wachungaji waliokataa kanisa kugeuzwa mali ya chama, akakamatwa. Vita ilipoisha akahangaika na wakimbizi, akaingia chama cha SPD, 1948 akawa waziri wa wakimbizi wa jimbo la Niedersachsen, baadae akahamia Berlin Magharibi akawa anasimamia mambo ya ndani ya jiji yaani polisi na usalama. Desemba 1966 Willy Brandt aliyekuwa meya akaondoka kwenda kuwa waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani Magharibi, Albertz akashika kiti cha meya.

Haikufika hata miezi sita. Tarehe 2 Juni 1967 Shah, yaani mfalme wa Iran, akatembelea Berlin, wanafunzi wakaandamana, polisi wakawacharaza vibaya, na mwanafunzi mmoja anaitwa Benno Ohnesorg, miaka 26, mkewe mjamzito, akapigwa risasi akafa. Na huyo mchungaji Albertz, meya, akatoka akawatetea polisi, lawama akawatupia wanafunzi. Hapo niliweka simu chini. Septemba hiyohiyo akajiuzulu.

Sasa naomba mnisaidie, mtu aliyemkataa Hitler kabisa anafikaje hapo? Na mimi mchungaji wangu nimwambie nini?

mama_makambako

Kamwene mwanangu. Mimi ya Berlin siyajui, nakwambia ya hapa nyumbani.

Baba yangu mdogo alikuwa mchungaji, usharika siutaji. Akaombwa hivyohivyo kama huyo wenu, watu wazuri tu, wakasema kata imeoza tunataka mtu wa Mungu. Sasa kwa sheria yetu mgombea binafsi hakuna, lazima chama kikusimamishe, na chama ni kadi. Siku alipoonekana na ile kadi usharika ulikatika katikati kama mkate. Wale wa chama kingine hawakuhama kanisa, wangehama ingekuwa afadhali, walibaki wanakaa benchi za nyuma wanamtazama tu. Siku ya Meza ya Bwana wengine hawakusogea mbele. Mama mmoja wa kwaya alimwambia usoni, baba nikikuona na kikombe naona na ile fulana ya kampeni.

Na hakupita, kura za maoni zilimwangusha. Ukipita angalau unaenda kwenye vikao, ukianguka unarudi kwa watu walewale waliokupigia na wasiokupigia, na unajua wazi nani ni nani. Alihamishwa kituo mwaka uliofuata. Mpaka anafariki hakupenda kuliongelea.

Kwa hiyo usianze na habari za karama wala maono, muulize kadi ataichukua lini, na Jumapili inayofuata atasimama vipi madhabahuni. Aanzie hapo.

babu_tukuyu

Mugonile wote. Kijana umeuliza swali zuri ila umeishia katikati ya habari, na nusu iliyobaki ndio yenyewe.

Kwanza kidogo nikuweke sawa, kanisa la Berlin ni la muungano, Walutheri na Wareformati (wale wa Calvin) wapo pamoja, ndio maana huyo utamkuta anaitwa mchungaji wa Kiinjili. Lakini kwetu sio mtu wa mbali. Walioleta Ulutheri huku Unyakyusa 1891 walikuwa wamisionari wa Berlin, mwaka uleule Wamoravian nao wakaanza Rungwe. Babu yangu alibatizwa na watu wa Berlin. Kwa hiyo mimi nikisoma habari za mchungaji wa Berlin nasoma kama habari za ukoo.

Sasa umeuliza alifikaje hapo. Mimi naona hivi, alikuwa amekaa miaka upande wa polisi. Asubuhi ripoti ya polisi, mchana kikao na polisi, jioni simu ya polisi. Usiku ule wa tarehe 2 aliyemletea habari ni nani? Polisi walewale. Mchungaji akitoka kwenye msiba anajua kilichotokea kwa sababu amekaa na wafiwa, lakini ukiwa meya unaletewa karatasi, na unaiamini kwa sababu aliyeileta ni mtu wako. Yule askari aliyefyatua mahakama ilimwachia, na 2009 ndio ikaja kugundulika kumbe alikuwa mtoa habari wa Stasi, usalama wa Ujerumani Mashariki! Meya alikuwa anamtetea mtu asiyemjua.

Lakini sikiliza alichofanya baadae. Hakwenda kutafuta kiti kingine. Alisema hadharani kwamba usiku ule alikosea, na hakusema mara moja akanyamaza, alilirudia mpaka uzeeni. Akarudi kwenye uchungaji, miaka ya 70 alikuwa usharika wa Schlachtensee hukohuko Berlin, anabatiza anazika kama mchungaji mwingine yeyote.

Halafu Februari 1975 kikundi cha watu wenye silaha kikamteka Peter Lorenz, mgombea wa chama cha CDU, siku tatu kabla ya uchaguzi wa jiji. Kikundi kilijiita Vuguvugu la 2 Juni, umeelewa? Siku ileile. Wakataka wenzao waliofungwa waachiwe, na wakasema Albertz asafiri nao ili wafungwa wasije wakageukwa njiani. Yaani katika wanasiasa wote wa Berlin, watu waliojipa jina la siku ya aibu yake wakamuamini yeye. Na alikuwa na miaka 60. Akapanda ndege na wale wafungwa watano mpaka Aden, Yemen Kusini, akarudi, na Lorenz akaachiwa mzima. Na Lorenz alikuwa wa chama pinzani kwa chama cha Albertz.

Alifariki 1993 Bremen. Mimi nimemfundisha mjukuu wangu jina la huyu mzee.

msafwa_mwanjelwa

Babu tukuyu heshima yako, hiyo ya ndege sikuwahi kuisikia.

Mimi nipinge kidogo. Mchungaji kuingia siasa sio ajabu huku Nyanda za Juu, Mchungaji Msigwa (najua sio Mlutheri) alikuwa mbunge Iringa Mjini 2010 mpaka 2020, na mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani pia, kwa hiyo ya halmashauri alikuwemo. Na diwani wetu hana polisi, tofauti kabisa na meya wa Berlin, polisi wako chini ya serikali kuu, na kamati za usalama ziko kwa mkuu wa wilaya na mkoa huko.

Ila kuna mgambo. Sheria ndogo zinapitishwa na madiwani, halafu mgambo wa halmashauri wanakuja kubeba meza za watu. Mimi nauza viatu, nimebebewa mzigo mara mbili, na mara ya pili diwani wa eneo alisema tulishapewa notisi, wakati hakuja hata kuangalia. Kwa hiyo swali langu kwa huyo mchungaji ni moja, siku mgambo wakivunja kibanda cha mama ntilie ambaye ni muumini wake, atakwenda kwanza wapi, kwa mkurugenzi au kwa yule mama? Akisema kwa mama mimi kura yangu anayo hata kama chama chake sio changu.

mtu_wa_uyole

Asanteni sana, mama makambako nimekusoma mara tatu, pole kwa baba mdogo. Babu ndaga fijo.

Jumatano baada ya maombi nimeomba nimuone peke yake. Nitaanza na kadi kama mama alivyosema halafu nimuulize la mama ntilie, maana tunaye kweli, anapika pale stendi na ni mwimbaji wa sauti ya kwanza. Na hii ya Albertz naiandika kwenye karatasi nimwachie asome mwenyewe nyumbani na mkewe, kuanzia Breslau mpaka Aden, sitaishia Juni 1967.